MTU MZIMA HAFUNDISHWI KAMA MTOTO



Siku hizi matajiri wengi wanasema: "Mafunzo yako katika simu yako. Kasome nyumbani." Mfanyakazi anatoka Viwandani kwa miguu mpaka Kaloleni, Jericho au Shauri Moyo, amechoka, na hapo ndipo aanze darasa kwa bando alilonunua mwenyewe. Akishindwa, anaambiwa hana akili. Maneno hayo si kweli, na yafaa tuyajibu.

Mtoto hujifunza kwa sababu ameambiwa na mwalimu. Faida ataiona baadaye. Mtu mzima huuliza kwanza: somo hili litanisaidia nini kesho kazini? Mtoto huja na daftari tupu. Fundi aliyeshika mashine miaka 15 huja na ujuzi wake, na somo jipya lazima lishikamane na ujuzi huo. Malcolm Knowles wa Marekani aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1970. Tena, mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watoto walifundishwa kwa redio na simu, na mzazi ndiye aliyekaa kando kuwahimiza. Mzazi huyo akisoma usiku, nani atamhimiza yeye?

Basi somo la kutazama video saa nzima, kisha kubonyeza "ndiyo" au "hapana", humfanya mtu mzima mtoto. Somo lianze na kazi yake, liwe fupi, aweze kulisimamisha na kulirudia, na awepo mtu wa kumwuliza bila kuchekwa.

Wengine watasema kusoma mbali na mwalimu hakufai kabisa. Sivyo. Tom Mboya, alipokuwa mkaguzi wa afya wa mji wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisoma kwa posta na chuo cha Afrika Kusini, kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Mtu mzima anaweza. Kinachowashinda wengi si akili, ni wakati na pesa.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, mafunzo ya kazi yafanywe saa za kazi. Mapatano Na. 140 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1974, yahusu likizo ya masomo yenye mshahara, na Kenya iliyakubali mwaka 1979. Pili, bando lilipwe na tajiri. Sheria inamtaka atoe Sh. 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo, na akifundisha watu wake aweza kuomba kurudishiwa gharama. Tatu, wafanyakazi waulizwe kabla somo halijatengenezwa, maana wao ndio wanaoijua kazi.

Wajumbe wa viwandani, yaleteni haya katika majadiliano yajayo ya mishahara na masharti ya kazi. Elimu ya mfanyakazi isilipwe kwa usingizi wake.

Umoja ni Nguvu.