Paka Wako Si Mtego wa Panya

Wasee, leo nagusa mada iliyonikosanisha na shosho wangu.

Kwetu Lanet tuko na mbwa wawili, Simba na Tyson, na paka mmoja, Nyau. Jioni mbwa wanawekewa ukoko wa ugali na mchuzi uliobaki. Nyau hawekewi kitu. Ukiuliza, unajibiwa: "Paka akishiba atashika panya saa ngapi?" Basi Nyau akawa anadoea kwa sahani ya Tyson. Siku moja Tyson akamrarua sikio. Kila mtu akasema Tyson ni mkali. Mimi nasema makosa ni yetu.

Kwanza, hiyo stori ya njaa si kweli. Paka huwinda kwa silika, si kwa njaa pekee. Hata akiwa ameshiba, akisikia panya akikwaruza dari, lazima aruke. Yule mwenye njaa ndiye anahangaika kwa majirani, na huko kuna panya waliokula sumu.

Pili, paka si mbwa mdogo. Mbwa anaweza kula ugali ukichanganywa na omena au matumbo, akae fiti. Paka lazima apate nyama au samaki. Kuna kitu kinaitwa taurini. Mwili wa mbwa kwa kawaida hujitengenezea, lakini wa paka hautengenezi ya kutosha. Akiikosa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Ugali hauna taurini. Na ule mchuzi wa vitunguu tunaowamwagia? Kitunguu huharibu damu ya paka na ya mbwa pia.

Najua kuna mtu atasema, "Watu hawana doo ya unga, wewe unatuletea menyu ya paka." Sawa, lakini sijasema ununue chakula cha supamaketi. Naongelea omena kidogo kutoka kwa zile mnazopika, zichemshwe bila chumvi wala kitunguu. Siku ya matumbo, mkatie kipande.

Sisi sasa tunafanya hivi: Nyau anakula kwanza, juu ya tengi la maji, mahali mbwa hawafiki. Kisha Simba anakula mlangoni, Tyson nyuma ya nyumba, kila mmoja na sufuria yake. Wakimaliza, vyombo vinaondolewa, hakuna cha kugombania. Na mdogo wangu amekatazwa kabisa kumkaribia mbwa anayekula.

Vita viliisha. Halafu asubuhi moja Nyau, akiwa na tumbo limejaa, akaleta panya mzima na kumweka miguuni pa shosho.

Shosho hakusema kitu. Lakini jioni hiyo nilimwona akitenga omena kwa kibakuli kabla hajakaanga vitunguu.

Kwenu je, paka analishwa ama anaambiwa ajitegemee?