Balbu Moja Katikati ya Dari

Desturi ya kufunga balbu moja katikati ya dari ya kila chumba, kiwe cha kulala, cha kupikia au cha kufanyia kazi za mikono, ni uzembe uliozoeleka hata ukaonekana kuwa kanuni ya ufundi umeme, na madhara yake hudhihirika zaidi katika karakana za nyumbani, yaani mabanda ya kuegeshea magari ambayo wenye nyumba, hasa wastaafu, huyageuza kuwa mahali pa useremala. Safu hii imekwisha kuzilalamikia swichi zinazofungwa nyuma ya mlango na soketi zinazofichwa nyuma ya kabati, na wasomaji wake wa siku nyingi wataitambua balbu ya katikati kuwa ni ya ukoo huohuo, ila hii huweza kukata vidole.

Karakana iliyotazamwa wiki hii huko Tabata, jijini Dar es Salaam, ni ya mwalimu mstaafu aliyetenga sehemu ya kiinua mgongo chake kununulia msumeno wa meza, randa ya umeme na mbao za mninga zilizokauka vizuri. Banda lina upana wa meta 3 na urefu wa meta 6, meza ya kazi imeegemezwa ukutani, na mwanga wote hutoka kwenye balbu moja ya LED ya wati 9, iliyo nyuma ya mgongo wa yeyote anayesimama mezani. Mwalimu alipoinama kufuata mstari wa penseli, kivuli cha kichwa chake kiliufunika mstari wote. Akasogea kushoto, kivuli kikamfuata. Mwishowe akawasha tochi ya simu, akaibana simu kwa meno, akaendelea kukata kwa msumeno wa mkono huku mate yakimtiririka kidevuni, na ubao wa mninga ukaenda upogo. Inaudhi kumwona mtu aliyefundisha watoto wa wenzake kuchora mistari iliyonyooka akifanya kazi namna hiyo ndani ya nyumba yake mwenyewe, na liliudhi zaidi jibu la fundi umeme, aliyekuwapo kumalizia soketi: "Mzee, taa ni taa. Kama haitoshi, weka ya wati nyingi."

Jibu hilo lina makosa mawili. Wati hupima umeme unaotumika. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na ule unaofika juu ya meza hupimwa kwa luksi, ambayo ni lumeni moja iliyoenea juu ya meta moja ya mraba. Viwango vya Ulaya vya mwanga wa sehemu za kazi hutaka luksi 300 kwenye meza ya seremala na 500 kwenye mashine za mbao. Balbu ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, ambazo hata kama zote zingefika chini bila kupotea, jambo lisilowezekana, zingeipa sakafu ya meta 18 za mraba luksi zisizofika 45. Ikikadiriwa kwamba nusu ya mwanga hupotea kwenye kuta, dari na vumbi la mbao, luksi 300 zahitaji lumeni 10,800, yaani tyubu sita za LED za futi nne zenye lumeni 1,800 kila moja, ambazo kwa pamoja hula umeme pungufu ya balbu mbili za zamani za wati 60.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa kuongeza wati palepale hukiacha kivuli palepale. Tyubu hupangwa kwa mistari miwili inayofuata urefu wa banda, mmoja ukipita juu ya ukingo wa mbele wa meza au ukisogea kidogo kuelekea ukutani, ili mwanga uangukie mbele ya uso wa fundi, na dari hupakwa rangi nyeupe ili iurudishe. Hayo humhusu mstaafu kuliko kijana, kwani jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la miaka 20, mboni ikiwa imepungua kupanuka na lenzi imegeuka manjano.

Tena kuna hatari ya kumetameta. Taa duni hupwita mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, na chombo kinachozunguka kwa kasi inayolingana na mapigo hayo huweza kuonekana kimesimama. Kamera ya simu ya mwalimu, ilipoelekezwa kwenye balbu ile, ilionyesha mistari myeusi inayotembea, na msumeno wa meza uko hatua mbili kutoka hapo.

Chanzo cha desturi hii ya balbu moja ni bei ya pointi. Mafundi hulipwa kwa kila pointi ya taa au soketi, hesabu hufanywa kwa idadi ya vyumba, na hakuna anayeuliza meza itakaa wapi kabla ya plasta kupigwa. Karakana ya Tabata sasa itawekewa tyubu sita. Plasta itachimbwa upya, mwalimu atalipia kila pointi mara ya pili, na atakayelipwa ni fundi yuleyule.