Sheshe Wameandikwa, Wakulima Je?

Leo nataka tugombane kidogo.

Muulize msomi yeyote Bonde la Kilombero ni nini. Atakwambia ni ardhioevu, kwamba mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar, kilometa za mraba zinazokaribia 8,000, na kwamba ni makao makubwa ya sheshe. Yote kweli. Sasa muulize nani kalima humo miaka yote hiyo. Kimya! Au utasikia neno moja tu: wavamizi.

Sisi wa huku Masagati tunajua maji yanatoka wapi. Mnyera, Ruhuji na Mpanga inashuka kutoka nyanda za juu, inakutana, inakuwa Kilombero. Masika yakikolea mto unaacha njia yake na mbuga inageuka bahari. Wazee hawakuuzuia. Walipanda mpunga mvua za mwanzo ili maji yakifika uwe umeshainua shingo. Mwenye akili alikuwa na mashamba mawili, moja mbugani na moja juu kidogo. Mwaka wa gharika anakula cha juu, mwaka wa ukame anakula cha chini. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha mahesabu hayo. Na mbegu zenyewe: Kalamata, Faya Dume, Shingo ya Mwali. Jamani, mtu aliyeiita mbegu Shingo ya Mwali si mshairi huyo? Halafu kuna dungu, kuna kuamia ndege tangu alfajiri, kuna mitumbwi ya Wandamba ya kuvukia mbuga iliyofurika. Hiyo yote ni elimu, ila haina cheti.

Mbali huko Kanada, jimbo la Nova Scotia, kuna mahali panaitwa Grand-Pré. Karne ya 17 wakulima wenye asili ya Ufaransa, Waakadia, walitwaa kinamasi cha bahari kwa matuta ya udongo. Chini ya tuta walipitisha mfereji wa mbao wenye kijimlango: maji ya mvua yanausukuma na kutoka, bahari ikijaa unajifunga wenyewe. Mwaka 1755 Waingereza wakaanza kuwafukuza kwa maelfu. Mwaka 2012 UNESCO ikapaandika Grand-Pré kuwa urithi wa dunia. Angalieni sababu: si ndege wala wanyama. Ni matuta ya wakulima, na kumbukumbu ya kufukuzwa kwao.

Kumbe jembe nalo linaweza kuwa urithi! Mbona la kwetu haliwezi? Kwa kuwa hatukujenga tuta la kupigwa picha? Kuishi na mafuriko bila kuyazuia nako ni ufundi, tena pengine mgumu zaidi. Mngeta walikuja wenye mitambo mwaka 1986, mradi wa ubia na Korea Kaskazini, zaidi ya hekta 5,000. Ubia ukafa. Mwaka 2008 akaja mwekezaji mwingine, naye akashindwa. Mwenye jembe bado analima.

Sibishi kwamba sheshe wamepungua, na kwamba mashamba mapya na ng'ombe vimechangia. Bonde likichakaa sote tutakufa njaa. Lakini mwaka 2012 wafugaji walihamishwa kwa nguvu, na mwaka 2023 sehemu kubwa ya bonde ikatangazwa pori la akiba. Mipaka ikichorwa na watu wanaojua hesabu ya wanyama tu, bibi aliyezaliwa kando ya mto anaamka asubuhi akiwa mhalifu.

Na sisi waandishi vijana tumo kwenye kosa hilo. Waakadia walisubiri hadi 1847 ndipo Longfellow, Mmarekani, akawaandikia Evangeline. Kwetu kitabu kikubwa cha Wabena wa bondeni, Ubena of the Rivers cha akina Culwick, kilitoka 1935, kwa Kiingereza, na mwanakijiji hakipati. Riwaya zetu je? Kijana anaaga kijijini ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili keshashuka Dar es Salaam na begi lake. Mbuga hatuioni tena! Eti shamba halina kisa. Mtu kulala dunguni maji yakipanda usiku si kisa?

Anayetaka kunibishia, ukurasa upo. Ila aanze kwa kututajia mbegu tatu za mpunga wa kwao, na nani alimfundisha.