Programu Ziandikwe kwa Kanuni Moja



Katika chama chetu cha kompyuta kuna ubishi ambao haujaisha tangu muhula uliopita. Wako wasemao kwamba programu ikifanya kazi yatosha, na kila mtu aandike apendavyo. Wengine twasema la, lazima pawe na kanuni moja ya uandishi ifuatwayo na wote. Mimi ni wa upande huu wa pili, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Kompyuta haijali unadhifu. Katika lugha nyingi za programu waweza kuandika kazi nzima katika mstari mmoja mrefu, ukaita kitu kimoja a na kingine aa, na mashine itatii. Aumiaye ni mtu. Tena katika programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake umewekwa wazi ili yeyote ausome na kuurekebisha, mtu huyo mara nyingi ni mgeni kabisa. Hamjui mwandishi wa kwanza, wala hawezi kumfuata bwenini kumwuliza. Alicho nacho ni yale maandishi tu.

Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Tangu hapo kazi hiyo imepitiwa na mikono ya maelfu ya watu, nayo ina waraka wake wa uandishi: kila hatua ya kuingia ndani ina upana wa herufi 8, na mwenye kuhitaji zaidi ya hatua 3 aambiwa arekebishe programu yake. Watu wa Python wana waraka wao uitwao PEP 8, wa mwaka 2001. Wao hutumia nafasi 4, na mstari usizidi herufi 79. Nani ana haki? Mimi sioni faida ya kuuliza. Aingiaye katika Linux huona 8 kila mahali, na aingiaye kwa wale wengine huona 4, basi jicho lake hupumzika.

Wenzetu hudai kwamba haya ni mapambo. Hebu watazame yaliyotokea Februari 2014, kampuni ya Apple ilipotoa marekebisho ya haraka kwa simu za iPhone, na siku chache baadaye kwa kompyuta zake. Kosa lilikuwa katika sehemu ihakikishayo kwamba tovuti unayozungumza nayo ndiyo yenyewe. Msimbo huo ulikuwa wazi, kwa hiyo ulimwengu mzima uliliona: amri isemayo ruka uende mwisho iliandikwa mara mbili, mstari chini ya mstari. Ya kwanza ilitawaliwa na sharti lililo juu yake. Ya pili haikutawaliwa na chochote, maana hapakuwa na mabano ya kuzizungushia, lakini ilikuwa imesogezwa ndani sawasawa na mwenziwe, hata msomaji akadhani ni mali ya sharti lile lile. Basi ukaguzi uliobaki ukarukwa kila mara, na mwenye hila aliye katika mtandao mmoja nawe aliweza kujifanya benki yako. Mabano yangalikuwapo, mstari wa pili ungaliangukia ndani usidhuru, au ungalibaki nje peke yake ukaonekana. Kweli, majaribio mazuri pia yangalilikamata.

Kwetu sisi ugonjwa mkubwa ni majina. Programu yetu ya kuazimisha vitabu vya maktaba imeandikwa na watu saba kwa miaka mitatu. Mtu yule yule huitwa mwanafunzi katika faili moja, student katika ya pili, na mwf katika ya tatu. Sijamtaja bado yule bwana aliyemwita x. Kiswahili nacho kina tabia yake: wingi hugeuza mwanzo wa neno. Kitabu na vitabu husimama mbali katika orodha ya alfabeti, na atafutaye kimoja hakioni kingine. Ndiyo maana wengine husema tutumie Kiingereza tu. Kwa kazi tutakayoipeleka ulimwenguni nakubali. Lakini hii ya maktaba itarithiwa na watoto wa kidato cha kwanza, na Kiswahili chawafaa kabisa, mradi tuchague jina moja na kuliandika mahali.

Mahali penyewe pawe waraka wa ukurasa mmoja ndani ya folda ya programu. Mrefu hautasomwa. Mambo ya nafasi na mabano tuiachie mashine: lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ina chombo kiitwacho gofmt kipangacho maandishi yote kwa namna moja, na lugha nyingine zina vyombo kama hicho. Mashine haina rafiki wala kidato, kwa hiyo hakuna atakayenung'unika kwamba kiranja amemwonea. Majina tukaguane wenyewe.

Tena, asafishaye uandishi asibadili kazi ya programu kwa mara ile ile. Mistari 400 ikisogezwa, na mmoja kati yake ukageuzwa maana, mkaguzi atautambua vipi?

Sisi wa kidato cha nne tutaondoka baada ya mtihani wa Novemba, na Jumamosi za chama zilizobaki ni chache. Naomba mbili za kwanza zitumike kwa faili za uazimishaji, kwani ndizo zitakazoguswa kwanza mwakani vitabu vipya vikija.