Kicheko Katika Hadithi Si Upuuzi

Wako ndugu zetu, watu wa dini na wenye kuwapenda watoto, wasemao kwamba hadithi za kuchekesha zisisomwe shuleni. Hoja zao ni mbili. Ya kwanza, hadithi hizo zimejaa uwongo. Ya pili, zamfundisha mtoto kumcheka mjinga. Hatuwadharau, maana nia yao ni njema. Lakini twaona wamekosa, nalo kosa lao likifuatwa, watoto watanyimwa fundisho ambalo ni vigumu kulipata kwa njia nyepesi kama hii.

Na tutwae hadithi moja ijulikanayo sana, ya Kima na Papa. Ilichapwa London mwaka 1870 katika kitabu cha hadithi za Waswahili alizozikusanya Unguja Edward Steere, ambaye mwaka 1874 alifanywa Askofu. Nayo ni ya kale kuliko kitabu hicho. Ndugu yake imo katika Panchatantra ya Bara Hindi, ambako mnyama wa majini ni mamba. Imo tena katika Kalila na Dimna ya Waarabu, ambako ni kobe. Ilipofika pwani yetu akawa papa.

Kima alikaa juu ya mti kando ya bahari, akamtupia Papa matunda siku nyingi, hata wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Walipofika katikati ya maji Papa akamfunulia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwamba laiti angalimwambia mapema, kwa kuwa makima wasafiripo huiacha mioyo yao mtini. Basi warudi wakauchukue. Papa akageuka, akarudi.

Tazameni kicheko kinapoanzia. Hakingoji Kima apande mti akaokoka. Chaanza pale Papa anapogeuza kichwa kuelekea pwani. Sisi twajua kwamba hakuna kiumbe aachaye moyo wake nyumbani, Kima ajua, Papa peke yake hajui. Maneno yale yale kwa Papa ni ahadi, na kwetu ni kwaheri. Kadiri anavyojitahidi kuogelea ndivyo tunavyozidi kucheka, maana juhudi yake yenyewe yampotezea kile anachokitafuta. Wala kicheko hiki hakitoki katika upya wa habari. Mtoto aliyeisikia hadithi mara kumi hucheka kuliko aliyeisikia mara moja, kwa sababu ajua zaidi.

Sasa tuijibu hoja ya kwanza. Uwongo wa Kima haukufichwa kwa mtoto. Ili acheke, hana budi autambue kuwa ni uwongo. Asiyecheka ndiye aliyedanganyika pamoja na Papa. Basi kicheko ni ushahidi kwamba mtoto amejifunza kupambanua neno na maana yake. Je, hilo ni jambo dogo? Ni wangapi vijijini waliotia dole gumba katika karatasi wasiyoielewa, wakaenda zao kwa furaha, kama Papa alivyorudi pwani? Laiti wangalizoea tangu utoto kujiuliza, “Huyu asemaye nami ajua nini nisichokijua?”

Ama hoja ya pili, kwamba tunamcheka mjinga kwa kiburi, twawaomba ndugu zetu wafungue Kitabu cha Esta, mlango wa 6. Msomaji amekwisha kujua kwamba mfalme alikosa usingizi, akasomewa habari za zamani, akakumbuka wema wa Mordekai. Hamani hajui. Aja kuomba Mordekai atundikwe, naye aulizwa mtu apendwaye na mfalme atendewe nini. Adhani ndiye yeye. Ataja mavazi ya kifalme na farasi. Kisha aamriwa amtendee Mordekai hayo yote! Nani asomaye pale asitabasamu? Kama kicheko hiki ni dhambi, na tuurarue ukurasa ule. La hasha!

Tena hadithi yenyewe yatuonya tusijivune. Nani alikuwa mjinga kwanza? Ni Kima, aliyekaa mgongoni akifurahia safari, hali Papa ajua anampeleka kufa. Baadaye ujuzi ukahama, na mjinga akawa Papa. Hakuna aliyepewa werevu awe nao daima. Hata Daudi, katika 2 Samweli 12, alimkasirikia tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo, asijue kwamba anajihukumu nafsi yake. Nathani alijua. Pale hatucheki, bali njia ni ile ile: asikiaye leo kwa raha habari ya mwingine aweza kesho kuwa ndiye asiyejua.

Lawama moja twaikubali, nayo ni yetu sisi walimu. Mara nyingi tunaiharibu hadithi kwa kuieleza. Siku moja tuliposoma habari ya Papa kurudi, tulisimama katikati tukasema, “Mwaona, Kima anamdanganya.” Darasa lote likanyamaza, na mtoto mmoja wa nyuma akajibu kwa adabu, “Tunajua, Mwalimu.” Tulikuwa tumewanyang'anya furaha ya kujua wenyewe, na pamoja nayo fundisho. Tangu siku ile twasoma na kunyamaza.

Basi, wazee wetu, msizifungie hadithi hizi sandukuni. Waacheni watoto wamcheke Papa, kisha wakumbuke kwamba Kima naye alipanda mgongo ule kwa hiari yake. Wahenga wamekwisha kusema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.