OILI ITALIWA, ZEBAKI TUTAILA SISI

Kijana wa gereji hapa Mwanza anajua oili chafu inakoishia. Anafungua nati, oili inamwagika chini, mchanga unageuka mweusi, na mvua ikinyesha uchafu unateremka Mto Mirongo hadi ziwani. Hatumlaumu. Hajapewa pipa wala mahali pa kumwaga, ila ushuru anadaiwa.

Dawa ipo, na haihitaji mabilioni ya wafadhili. Ardhini wamo bakteria wanaokula mafuta. Udongo ulioharibika unazolewa, unarundikwa juu ya turubai, unachanganywa na samadi, unanyunyiziwa maji na kupinduliwa ili hewa ipite. Baada ya miezi kadhaa sehemu kubwa ya mafuta inakuwa imegeuka hewa ukaa na maji. Wamarekani walitumia ujanja wa namna hiyo kule Alaska, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta mwaka 1989: walitia mbolea ufukweni ili vijidudu wa palepale waongezeke. Sisi Usukumani tukose samadi?

Lakini tusidanganyane. Upande wa Geita wachimbaji wadogo wananasa dhahabu kwa zebaki, na zebaki hakuna kijidudu anayeimaliza. Haivunjiki, ni metali, kama dhahabu yenyewe. Kibaya zaidi, bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa wanaigeuza kuwa sumu kali inayoingia kwa samaki na kuharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni. Wajapani wa Minamata walikwisha kuyaona hayo.

Watafiti waliopima samaki wa ziwa hili miaka ya 1990 walikuta zebaki kidogo katika wengi wao. Vizuri, muda bado upo. Ila tunakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wetu kwa sababu ya uvuvi wa sumu, jinsi viwanda vya minofu vilivyotikisika. Ajira ya nani iko mle, kama si ya vijana?

Serikali ya chama kilekile iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Basi itaje hadharani: ni machimbo mangapi yamefikishiwa vyombo vya kunasa moshi wa zebaki, na mengine yatafikiwa lini? Mchimbaji asikimbizwe na polisi kabla hajapewa njia nyingine.

Halmashauri ya Jiji nayo ianze na gereji. Turubai na samadi haviwezi kuishinda halmashauri inayodai ushuru hadi kwa muuza karanga.