Habari za Kwetu Zikae Wapi?

Mwaka 1912 jarida moja la jiografia la mji wa Hamburg lilichapa makala ya Mjerumani Erich Obst, akieleza safari yake kutoka Mkalama hadi nchi ya Wakindiga, ndio Wahadzabe. Mkalama hiyo ni hii yetu, yenye boma la Wajerumani, nayo ndiyo iliyoipa wilaya yetu jina. Mwalimu wa Historia aliponiambia habari hiyo nilifurahi kupita kiasi, kwani tulikuwa tumepewa kazi ya kuandika mambo ya kale ya wilaya. Kumbe makala yenyewe ni ya Kijerumani, na hapa Nduguti sijapata kuona hata nakala moja. Basi likizo ilipofika nikaenda kwa babu, nikaandika aliyonisimulia.

Baada ya Obst wachunguzi hawakukoma kuja. Mwaka 1930 alikuja Bibi Dorothea Bleek, na madaftari yake yako Chuo Kikuu cha Cape Town. Kati ya 1934 na 1939 Daktari Ludwig Kohl-Larsen alizunguka pande za Ziwa Eyasi akikusanya mifupa, mawe na hadithi. Baadhi ya vitu hivyo vimo katika Chuo Kikuu cha Tübingen, na vitabu alivyotoa juu ya Wahadzabe mwaka 1956 na 1958 ni vya Kijerumani pia. Mkewe, Margit, ndiye aliyechimba chini ya mwamba wa Mumba, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1938.

Jambo la Mumba lanishughulisha sana. Shamba ukililima vibaya mwaka huu, mwakani utalilima tena. Lakini udongo wa kale ukishachimbwa umekwisha. Hakuna awezaye kuurudisha tabaka kwa tabaka ili mwingine auchimbe upya. Kinachobaki ni maandishi tu: jiwe hili lilitoka kina gani, mfupa ule ulilala karibu na nini. Michael Mehlman alikwenda kuchimba tena hapo mwaka 1977 na 1981, na wakati huo, yaani 1978, Tübingen walikuwa bado wanachapa maelezo ya machimbo yale ya kwanza. Miaka 40!

Siku hizi habari za uchunguzi, ziitwazo data, hazikawii hivyo. Mwaka 2017 jarida la Science la Marekani lilitoa uchunguzi wa vijidudu vya matumboni mwa Wahadzabe: sampuli 350 za choo (niwieni radhi) kutoka kwa watu 188. Ilionekana kwamba baadhi ya vijidudu hupotea na kurudi kwa kufuata masika na kiangazi. Data zake zimewekwa wazi katika intaneti, na mwanachuo yeyote duniani aweza kuzitumia. Vema. Lakini mtoto wa Kihadzabe wa Munguli atazisoma kwa lugha gani, na kwa kompyuta ya nani?

Sisemi kwamba wageni hawa walikosea kuandika. La! Wasingaliandika, mengi yangalizikwa pamoja na wazee. Ninalodai ni nakala. Mgeni atakaye kuchunguza hupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, naye huipelekea taarifa yake. Taarifa hiyo isiishie Dar es Salaam. Ije na huku wilayani, pamoja na kurasa mbili tatu za Kiswahili, iwekwe katika kabati ambalo hata mwanafunzi aruhusiwa kulifungua. Na atakayeitumia baadaye ataje Eyasi, ataje na wenyeji waliompa habari kuwa ni watu gani, wasiitwe tu watu wa Afrika. Maradhi ya mtu na jina lake, hayo yafichwe. Wala sioni kama mambo hayo mawili yanapingana.

Tena, kabla hatujawadai wengine, na tujitazame. Darasa letu lilikuwa na daftari la mvua, limeandikwa milimita kwa milimita. Mwaka jana nililitaka ili nilinganishe mvua na mavuno ya alizeti, nikakuta kurasa za Novemba na Desemba zimechanwa. Nadhani zilifungia karanga. Wenzangu wawili walikuwa wamenakili kurasa za Januari, lakini nakala zao zilipingana juu ya siku moja, na ukurasa wenyewe ulikuwa umelowa hausomeki. Hakuna aliyekuwa ameandika kama alinakili katika daftari au kwa mwenzake. Siku ile tukaifuta.

Tangu Januari mwaka huu tunaandika madaftari mawili. Moja hukaa kwa mwalimu wa Jiografia, la pili liko bwenini ndani ya sanduku langu la bati. Mwenye kutaka kunakili na aje baada ya chakula cha jioni, ila aandike chini ya hesabu zake tarehe aliyonakili, na kwamba zimetoka katika daftari la mvua la Kidato cha Nne, Nduguti.